Barua kwa mwanangu: hati kwanza, ramani baadaye

Mwanangu,

Unauliza kama mpango wenu una maana, wewe na wenzako kuacha kazi za mjini, kuchanga na kununua ardhi kijijini muishi pamoja. Na kama una maana, muanzie wapi. Maana unayo. Ila ile michoro ya nyumba uliyonitumia iwekeni kando kwanza. Mimi nataka kujua hati ya ardhi itasomeka jina la nani.

Usicheke. Mkiandika majina yenu nyote, kila mtu ana fungu lake, na siku mmoja akiachana na mwenziwe au akiitwa kazini mjini, atataka kuuza. Atamuuzia mwenye pesa, ambaye mipango yenu haimhusu. Mkiandika jina la mmoja, waliobaki ni wapangaji wake, hata mkiitana ndugu.

Wakazi wa kisiwa cha Eigg, Scotland, walikaa miaka mingi chini ya mmiliki mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1997 kisiwa kikanunuliwa na kuwekwa chini ya wadhamini, wakazi wakiwa na wajumbe wao humo pamoja na halmashauri na shirika la kuhifadhi wanyamapori. Walikuwa watu kama 65. Sasa wamepita 100, wakiwamo waliorudi na wageni waliohamia. Mwaka 2008 waliwasha umeme wao wa maji, upepo na jua, wakapatana kwamba nyumba isivute zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, na biashara kilowati 10. Kwangu, kikomo hicho kinavutia kuliko mitambo yenyewe. Jiulize kama nyinyi mnaweza kukubaliana hivyo, na nani atamwambia mwenzake azime.

Kwa hiyo ardhi iwe ya ushirika na isiuzwe. Nyumba iwe ya aliyeijenga, kwa mkataba mrefu unaorithiwa. Halafu andikeni namna ya kuondoka, sasa hivi mkiwa bado mnapendana. Anayeondoka alipwe thamani ya nyumba peke yake, ikithaminiwa na mtu wa nje, tena kwa awamu, maana mkidaiwa zote kwa mkupuo mtalazimika kuuza shamba mumlipe. Aliyefariki, warithi wake wanapata nini? Asiyefanya kazi za pamoja, anavumiliwa mpaka lini? Yaandikeni yote, hata yanayotia aibu.

Jambo la pili ni fupi. Mna mhasibu, mwanasheria na waandishi wa programu. Nani atazibua choo? Kamiyama, mji wa milimani huko Japani uliokuwa ukikimbiwa na vijana, kampuni za mjini zilianza kufungua ofisi ndogo mwaka 2010, intaneti ya kasi ikiwa tayari ipo. Lakini kwa nyumba zilizobaki tupu, wenyeji walitaja wenyewe fani wanayoitaka, kama vile mwoka mikate au mbunifu wa tovuti. Nanyi kabla ya kununua, nendeni mkawaulize watu wa hapo wamepungukiwa na nini. Huenda ushirika wao wa mazao unamhitaji huyo mhasibu kuliko mnavyomhitaji nyinyi. Wao pia ndio wanaojua maji hupita wapi mvua ikizidi, jambo ambalo muuzaji hatawaambia.

Na msiache kazi wote kwa pamoja. Miti ya matunda huchukua miaka kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo lazima baadhi yenu waendelee kupata mshahara kwa kufanya kazi kupitia mtandao.

Nitumie rasimu ya makubaliano kabla hamjamlipa mtu yeyote. Huyo mwanasheria wenu asiiandike peke yake, kwa kuwa naye ni mnunuzi. Mama yako anauliza zahanati ya karibu iko umbali gani. Hilo umjibu wewe, mimi limenishinda.

Baba yako