Nyumba ile ni ya mdogo mtu, uliza mkubwa aliishi wapi

Mpwa wangu,

Picha uliyonitumia nimeiona: nyumba nyeupe, mitende mbele, na maneno yako chini yake, "Mjomba, Thomas Mann alimkimbia Hitler akaja kuandikia hapo kwenu Los Angeles. Mwandishi akitoka ndipo anapata utulivu." Halafu mama yako ananipigia simu kwamba mnataka kuuza shamba la minazi la Pangani upate nauli. Nimekasirika, na sitangoja hasira ziishe ndipo nikujibu.

Ni kweli alikaa pale. Riwaya yake *Doktor Faustus* aliiandikia Pacific Palisades, mtaa wa Los Angeles, na mwaka 2016 serikali ya Ujerumani ikainunua ile nyumba. Lakini mtu yule alihamia Marekani akiwa na Tuzo ya Nobel ya fasihi ya 1929, na wasomaji wanamngojea. Wewe una sura tatu na simu yenye kioo kilichopasuka. Sikudharau. Sura ya pili ni nzuri kweli, ila punguza mvua.

Mbona hukuniuliza habari za kaka yake? Heinrich Mann, mkubwa kwa miaka minne. Riwaya yake *Professor Unrat* ndiyo iliyozaa filamu ya *Der blaue Engel*, 1930, iliyompa jina Marlene Dietrich. Katika riwaya nyingine, *Der Untertan*, aliwacheka Wajerumani wanaomnyenyekea bwana mkubwa na kumkanyaga mnyonge. Wanazi hawakumsahau: aliondoka Februari 1933, Agosti wakamvua uraia. Alikaa Nice, Ufaransa, akaandika riwaya mbili kubwa za mfalme wa Ufaransa, Henri wa Nne. Ukitaka kunibishia kwamba ughaibuni watu huandika, nishike hapo. Ila Kifaransa alikijua tangu ujana, na kwao kulikuwa si mbali. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, akavuka milima ya Pyrenees kuingia Hispania kwa miguu, ana miaka 69, akapanda meli Lisbon, Ureno.

Huku sasa. Warner Bros. walimpa mkataba wa mwaka mmoja, mkataba wa huruma hasa, wa kumwezesha kuingia nchini. Mzee akawa anaandika hadithi za sinema. Hakuna hata moja iliyopigwa picha. Mwaka ukaisha na kazi ikaisha. Mkewe Nelly akahangaika na vibarua, na Desemba 1944 akajiua. Heinrich akabaki peke yake, kwa sehemu kubwa akiishi kwa fedha za mdogo wake.

Hapo usipite haraka. Ndugu hao walikuwa wamegombana wakati wa Vita vya Kwanza kwa ajili ya siasa, wakanuniana hadi 1922. Sasa mkubwa anangoja hundi ya mdogo. Kwetu mkubwa ndiye anayemvuta mdogo pembeni na kumtia cha mfukoni. Fikiria ikigeuka, tena kila mwezi. Na anayetoa naye usidhani hachoki.

Nalijua hilo kwa pande zote mbili. Kwenu mimi ni Thomas. Hapa nalea wazee usiku: nawaogesha, nawabadilisha nepi, nawageuza kitandani wasipate vidonda. Asubuhi narudi kwenye chumba tunachochangia wawili. Kodi, bima ya gari, kisha Tanga. Mwezi nisipotuma, hata salamu zinakatika. Nikituma, hakuna anayeuliza nimebakiza nini. Sikulaumu wewe. Kidogo nakulaumu.

Halafu utamwandikia nani? Heinrich aliendelea na Kijerumani chake wakati kwao vitabu vyake vilishachomwa na kupigwa marufuku, na Wamarekani hawakuwa na haja naye. Wewe Kiswahili chako kimejaa Tanga mpaka kwenye matusi. Pale kijiweni kuna watu wanakukatiza wakikwambia "hatusemi hivyo". Huku msomaji wako ni mimi, saa tisa za usiku, na kengele ya mgonjwa inalia.

Kwa hiyo usije. Lakini ukipata ufadhili wa masomo wenye viza inayoeleweka, usiniulize hata mimi, panda ndege. Usije kwa viza ya matembezi ukitegemea kujificha, maana bila makaratasi bosi anakudhulumu mshahara nawe unaogopa kwenda kusema. Ukifika usimwambie mtu kwamba wewe ni mwandishi, sema unaweza kubeba boksi. Hapana, sema. Wapo wenzetu hapa waliokaa kimya hadi na kalamu ikawatoka. Andika kabla ya zamu. Baada ya zamu mwili haukusikilizi.

Mwaka 1949 Ujerumani Mashariki walimteua Heinrich awe rais wa Akademi ya Sanaa, Berlin. Akafa Santa Monica, huku California, Machi 1950, safari bado. Kilichorudi ni majivu yake, 1961. Na mwenye nyumba yako nyeupe? Marekani ilipoanza kuwasaka wakomunisti, naye akanyooshewa kidole. Mwaka 1952 alihamia Uswisi.

Shamba lisiuzwe, na mama yako nimeshamwambia. Ada ya mdogo wako naituma Ijumaa nikilipwa. Usimwambie mtu mwingine kwamba nimelipwa. Nawe nitumie sura ya nne, na safari hii uichape, si kuipiga picha daftarini.

Mjomba wako