Usikimbilie do re mi, gonga mapigo kwanza

Niliimba tenori kwenye kwaya ya parokia miaka miwili bila kujua kusoma hata nota moja ya solfa, yaani muziki unaoandikwa kwa herufi: d ni do, r ni re, m ni mi. Nakala nilishika kama wenzangu, lakini masikio yote yalikuwa kwa mzee mmoja aliyesimama kushoto kwangu. Akipanda napanda, akishuka nashuka, nyuma yake kidogo kama mwangwi. Pasaka moja mzee akasafiri. Aleluya ya siku ile naomba nisiisimulie.

Nikaanza kukariri ngazi, do re mi mpaka bafuni. Haikunisaidia kitu, kwa sababu kilichokuwa kinanishinda ni vile vidoti na vistari kati ya herufi, ambavyo nilivichukulia kama mapambo. Kumbe ndiyo saa ya wimbo. Tazama kipande hiki:

| d : – . r | m : d |

Nukta mbili zilizopandana zinatenganisha pigo na pigo. Kistari kinakuambia usiachie sauti uliyoishika. Nukta moja inalikata pigo katikati. Basi do inakaa pigo zima na nusu ya linalofuata, re inachomoka kwenye nusu iliyobaki, halafu mi na do, pigo moja moja. Pakiwa patupu, nyamaza (na hapo ndipo lazima atokee mtu wa kuingia peke yake).

Kwa hiyo usiimbe kwanza. Gonga paja, tamka herufi kama unaongea tu: "do-o-re, mi, do." Ukimaliza mstari bila kukwama, ndipo utie sauti. Mimi nilifanyia mazoezi kwenye daladala, abiria wakanizoea.

Wapo wanaosema solfa ni ya wasiojua muziki. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitumia solfa hiyo hiyo kuandika wimbo wake wa mwaka 1897, ambao leo tunauimbia Mungu ibariki Afrika. Na ukihamia nota za mistari mitano, solfa unakwenda nayo: kwenye alama za mwanzo wa mstari, shapu (♯) ya mwisho upande wa kulia ni ti, flati (♭) ya mwisho ni fa. Toka hapo, hesabu mpaka uikute do.

Halafu kagua nakala yako kabla hujajilaumu. Wiki nzima nilikuwa naimba do ya chini mahali pa do ya juu, kumbe kialama chake kilimezwa na mashine ya fotokopi.