Laki tatu na ishirini ya Pongwe au elfu ishirini ya bandarini

Mwanangu,

Salaam kutoka Makorora, hapa Tanga mjini. Umeuliza: kiwanda cha Pongwe kinakuita kwa laki tatu na ishirini kwa mwezi, na mwenzako anayebeba mizigo bandarini anasema yeye hulaza elfu ishirini kwa siku, basi ushike lipi? Tena mwenzako keshazidisha mara siku thelathini, kapata laki sita, anakucheka.

Mwulize kwanza mwezi uliopita aliitwa siku ngapi. Kibarua wa bandari anaitwa meli ikiwepo. Zamani meli kubwa zilitia nanga nje, mzigo unashushwa kwenye tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo, tishari linavutwa hadi gatini, unapakuliwa tena. Gunia moja lilishikwa mara mbili, na meli moja iliwapa watu kazi siku nyingi. Sasa kuna gati la mita 450 lenye kina cha mita 13, meli inafunga ukutani na mashine zinashusha. Bandari imefaidika, sibishi, na meli zimeongezeka. Lakini kwa kila meli siku za mbeba mizigo zimepungua. Na ile asubuhi anayokwenda, anasimama, jina haliitwi, anarudi: nauli imekwenda na chai imekwenda. Siku hiyo haitii kwenye hesabu zake.

Mji huu umezoea kuhesabiwa kwa siku tangu enzi za mkonge. Manamba, yule kibarua wa mashamba ya mkonge, alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Malipo yalitoka kadi ikijaa, si mwezi ukiisha. Ukiugua wiki mbili, kadi inakungoja. Saidia fundi wa leo na mpakiaji wa malori hawana kadi, ila hesabu yao ni ileile.

Sasa laki tatu na ishirini yenyewe. Itakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 32,000. Inabaki 288,000. PAYE, kodi ya mshahara, haigusi 270,000 za kwanza, inachukua asilimia 8 ya hizo 18,000 zilizozidi, ambayo ni 1,440. Mkononi utapata 286,560. Mwajiri naye anaweka 32,000 zake NSSF kwa jina lako, kwa hiyo kwa mwezi unaandikiwa 64,000. Ukizijumlisha na za mkononi unapata 350,560. Mwenzako, tuseme nyapara anachukua elfu mbili, anabaki na 18,000 kwa siku. Akufikie anahitaji siku 20 kamili kila mwezi, mvua iwepo, mgongo uume. Na wewe una likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na ukiugua ukaleta cheti cha daktari unaendelea kulipwa. Yeye akiugua hana kitu.

Kwa hiyo mimi nasema Pongwe. Lakini usitie saini kabla ya kuuliza jambo moja: katika hiyo laki tatu na ishirini, mshahara wa msingi ni ngapi? Waajiri wengine huandika msingi laki mbili, posho laki moja na ishirini. Jumla ni ileile, ila saa za ziada zinahesabiwa kwa msingi. Hesabu yake ndiyo hii: msingi gawa kwa 4.333 upate wiki, gawa kwa saa 45 upate saa, kisha zidisha mara moja na nusu. Msingi ukiwa 320,000, saa ya ziada ni kama 2,460. Ukiwa 200,000, inashuka hadi 1,540 hivi. Kiwandani mtu hujengea nyumba saa za ziada, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo. Siku ya mapumziko na sikukuu malipo ni mara mbili. Usiku kuna nyongeza ya asilimia 5. Na kila baada ya miezi michache ulizia NSSF kama michango inafika. Kukatwa kwenye karatasi ya mshahara ni jambo moja, kufikishwa ni jambo jingine.

Chumba sasa, maana hapo ndipo vijana huzama. Umesema umeona chumba Pongwe cha elfu arobaini. Mwenye nyumba akitaka miezi sita mbele ni 240,000, dalali naye mwezi mmoja, 40,000. Umeshatoa 280,000 na hujalalia hata mkeka, wakati mshahara wa kwanza utauona mwezi ukiisha. Katikati hapo ndipo mtu anaingia mikopo ya kausha damu, anakopa laki moja, na miezi mitatu baadaye bado anafanyia kazi riba. Wengine huanza na daftari la madeni la Mangi wa dukani. Mangi hana ubaya, ila mwenye daftari hachagui bei wala duka.

Hata umeme uangalie kabla ya kulipa. Nyumba ya matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti kwa zile 75 za kwanza za mwezi, zikizidi ni 350, kabla ya kodi na tozo. Vyumba sita kwenye mita moja, kila chumba kina uniti 12 na nusu tu. Mmoja akileta friji, au hita ya kuchemshia maji inayokula uniti nzima kwa saa, nyote mnahamia bei ya juu halafu mnachanga sawasawa. Hesabu friji kabla hujahesabu madirisha.

Nimepiga hesabu ya wewe kukaa hapa nyumbani. Daladala tukiiweka 700 kila upande, siku 26, ni 36,400. Karibu sawa na hicho chumba, ila hakuna mkupuo wa 280,000. Kinachoharibu ni zamu. Ukitoka saa sita usiku daladala hakuna, na bodaboda ya elfu tano mara tisa kwa mwezi ni 45,000. Juu ya nauli hiyo nyingine, kwangu panakuwa ghali kuliko Pongwe. Baiskeli usiniambie, barabara ile ina malori, na usiku hayaoni mtu.

Basi ukienda kwenye usaili uliza kama kuna gari la zamu na linaishia wapi. Likifika hata stendi ya Kange, njoo ukae hapa miezi minne, uweke elfu sabini kila mwezi, ndipo ukalipe chumba kwa pesa yako. Kama halipo, mwombe mwenye nyumba apokee miezi mitatu. Chumba kikikaa kitupu hana faida, wengi hukubali ukienda mwenyewe bila dalali.

Godoro la futi tatu na nusu, neti na jiko la mkaa vipo hapa. Usivinunue.

Mama yako