Wosia wa wafalme kwa Roma: maswali yenu

Wengi mmeuliza kuhusu wafalme wa kale walioiandika Roma kuwa mrithi wao.

Mfalme mwenye akili timamu anaiachiaje nchi dola ya kigeni?

Kwa kuwaogopa wa nyumbani kwake. Ptolemy wa Nane, akiwa mtawala wa Cyrene, Libya ya leo, alinusurika kuuawa, akamshutumu kaka yake, mfalme wa Misri. Mwaka 155 KK akaandika wosia: akifa bila mrithi, ufalme uende kwa Warumi. Ukachongwa kwenye jiwe ili kila mtu ausome, na jiwe hilo limepatikana. Hesabu yake ilikuwa wazi: atakayemuua hatarithi kitu, na itabidi ajibu kwa Roma. Akaishi hadi 116 KK, akazaa watoto, wosia usitekelezwe. Kwangu mimi huo ndio uliofanikiwa kuliko yote, maana ulimlinda mwenyewe angali hai.

Na Attalus wa Tatu, mfalme wa Pergamon, magharibi mwa Uturuki ya leo?

Yeye alikufa 133 KK bila mtoto, na Roma ikarithi kweli. Msisahau kwamba sehemu kubwa ya ardhi hiyo ukoo wake uliipata kwa Roma yenyewe, mwaka 188 KK, baada ya Antiochus wa Tatu, mfalme wa Siria, kushindwa na Warumi. Aristonicus, aliyedai kuwa mwana wa mfalme wa awali, Eumenes, aliukataa wosia, akapigana akiungwa mkono na maskini na watumwa. Eneo hilo likaishia kuwa jimbo la Kirumi lililoitwa Asia.

Je, kugawana na Roma kulisaidia?

Muulizeni Prasutagus, mfalme wa kabila la Iceni, mashariki mwa Uingereza. Aliwarithisha binti zake wawili pamoja na Kaisari Nero, akidhani familia itasalimika. Alipokufa, karibu mwaka 60 BK, maofisa wa Roma walipora kila kitu, wakamchapa viboko mjane wake Boudica na kuwabaka mabinti. Naye akawasha vita vilivyoteketeza London na miji mingine miwili. Ukatili huo hauna utetezi wowote.

Cheo cha “rafiki na mshirika wa watu wa Roma” kilikuwa na faida gani?

Ulinzi na heshima, kwa malipo ya utii. Herode Mkuu alikuwa nacho, hata wanawe akawapeleka Roma kusoma. Alipokufa, 4 KK, wosia wake ulisubiri idhini ya Kaisari Augusto, ambaye alimpa Arkelao, mwana wa Herode, nusu ya nchi na kumnyima jina la mfalme.