Mota ya mlango wa kale ifichwe wapi?

SWALI: Jengo letu la kihistoria lina mlango mzito wa mbao wenye mabawa mawili, kila moja sentimita 60. Tunataka ujifungue kwa ajili ya wanaotumia viti vya magurudumu, ila mashine isionekane. Mota ikae wapi?

JIBU: Chini ya sakafu, ndani ya kisanduku cha chuma, mhimili wake ukibeba bawa kwa chini. Bawaba za zamani zibaki pambo tu. Adui mkubwa hapo ni maji: kisanduku kiwe na bomba la kuyatoa, la sivyo mota itaoza. Mawe ya sakafu yakiwa hayaruhusiwi kukatwa, tumieni mota nyembamba ya juu, upande wa ndani.

Bawa moja la sentimita 60 halipitishi kiti. Nafasi wazi isipungue 80. Kwa hiyo yafunguke yote mawili, kila moja na mota yake. Lile lenye ukingo unaofunika mwenzake litangulie kufunguka na lichelewe kufunga, vinginevyo yatagongana.

Kabla ya yote, sukumeni mlango kwa mkono. Ukikwaruza sakafu, utengenezwe kwanza. La sivyo mota itadhani imekutana na mtu na kusimama katikati. Komeo nalo libadilishwe kwa kufuli la umeme linaloachia kabla mota haijaanza kuvuta.

Mwendo uwe wa pole: sekunde 3 au zaidi kufunguka, kisha mlango ubaki wazi angalau sekunde 5. Kitufe kisicho na waya kiwekwe kwenye nguzo ya pembeni, kimo cha sentimita 90, mbali na njia ya bawa. Hivyo ukuta hautatobolewa.