Gadi, Jifunze Kazi Inayofuata Kabla Hujanyang'anywa Uliyonayo

Nilicheza kikapu cha kulipwa misimu 11, yote nikiwa gadi, yule mchezaji wa nje anayepandisha mpira na kuongoza mashambulizi. Nilipita vilabu saba, na ni kimoja tu kilichonisajili kwa sababu ya pointi nilizokuwa nafunga. Sita vilivyobaki vilinitaka kwa kazi nyingine: kupandisha mpira bila kuupoteza, kumkaba gadi hatari wa upande wa pili, kutupa mpira kikapuni kutoka kona, kumlea kijana aliyekuwa anaandaliwa kuchukua nafasi. Naanza na hili kwa sababu karibu kila kijana anayeniomba ushauri hunitajia kwanza wastani wake wa pointi. Mdogo wangu, wastani huo utakufungulia mlango. Kukaa ndani ni habari nyingine.

Nilipoingia klabu yangu ya kwanza nilikuwa na miaka 19, na katika timu za vijana hakuna aliyekuwa ananizidi kufunga. Wiki ya kwanza kocha alinikataza kutupa. Kila shambulizi lilipokwisha alinisimamisha na kuniuliza swali lilelile: "Saa ilikuwa imebaki na sekunde ngapi?" Sikujua. Nilikuwa naangalia kikapu, naangalia mkabaji wangu, saa nilikuwa nawaachia wengine. Alinirudisha benchi mpaka nikaweza kujibu bila kuinua macho, na ilinichukua karibu miezi miwili.

Niliona ananionea. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananifundisha ajira yenyewe. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, una sekunde 24 za kutupa, na 8 kati ya hizo ndizo za kuvuka nusu ya uwanja. Gadi anayebanwa tangu nyuma akavuka kwenye sekunde ya 7 amebakiwa na 17. Mpango ukifika mahali pake zimebaki 12, na mkabaji akiziba pasi ya kwanza hakuna muda wa kuanza upya. Anayevuka kwenye sekunde ya 4 ana 20, kwa hiyo anaweza kujaribu upande mmoja, akaukosa, akaugeuza mpira upande wa pili kwa utulivu. Sekunde hizo tatu haziandikwi kwenye takwimu zako hata siku moja. Lakini senta wako, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, anazijua, maana ndizo zinazompa mpira akiwa tayari amejipanga chini ya kikapu. Wachezaji warefu humpenda gadi wa namna hiyo, na kocha husikiliza wachezaji wake warefu kuliko unavyodhani.

Jambo la pili lililonipa maisha lilikuwa daftari. Msimu wangu wa tatu nilikuwa napoteza mipira mingi kupita kiasi, nikaanza kuandika kila mpira nilioupoteza: nilikuwa wapi, nilikuwa naangalia wapi, miguu yangu ilikuwa chini au hewani. Baada ya kurasa chache jibu likawa wazi. Nilikuwa naruka kwanza, halafu ndipo natafuta wa kumpasia. Nikajiwekea amri ya kutoondoa miguu ardhini kabla ya kujua mpira unaenda kwa nani. Kwenye piki-na-roli, pale senta anapomzibia njia mkabaji wako kisha akakimbilia kikapu, pia nilikuwa nakosea pa kuangalia. Nilikuwa namtazama mkabaji wangu na yule wa senta, wakati anayeamua pasi ni mkabaji wa kona ya upande wa pili. Akiingia ndani kumzuia senta wako anayekimbilia kikapu, mtu wako wa kona yuko huru. Akibaki nje, mlishe senta. Ukimsoma huyo wa tatu mapema, wale wawili walio mbele yako hawakupi shida tena. Andika daftari kwa mkono wako mwenyewe, hata kama klabu ina mchambuzi wa video. Kosa uliloliandika mwenyewe halikutoki.

Sasa njia. Vijana wengi wana ramani moja kichwani: drafti ya NBA, ule uchaguzi wa kila mwaka ambapo timu za ligi kuu ya Marekani huchagua wachezaji wapya, basi. Ligi ile ina timu 30, na kila timu inaruhusiwa wachezaji 15 wa mikataba ya kawaida na 3 wa mikataba ya njia mbili, wale wanaopanda na kushuka kati ya timu kubwa na ligi ya maendeleo. Hesabu mwenyewe ni magadi wangapi wa dunia nzima wanaweza kuenea humo. Gadi Fred VanVleet hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2016. Alianzia pembeni, sehemu ya msimu wake wa kwanza akaichezea timu ya maendeleo ya Toronto, na mwaka 2019 alifunga pointi 22 katika mchezo ulioipa Toronto ubingwa. Gadi mwingine, Patrick Beverley, alichaguliwa wa 42 mwaka 2009, lakini alikuwa amecheza Ukraine, Ugiriki na Urusi kabla ya Houston, timu nyingine ya NBA, kumpa nafasi Januari 2013. Kilichompandisha ni ukabaji wake, na mwaka 2017 aliingia katika kikosi cha kwanza cha wakabaji bora wa ligi. Hawa wawili hawakusubiri mtu aje avumbue vipaji vyao. Kila mmoja alikuwa na kitu kimoja alichokifanya vizuri kiasi kwamba kocha hakuweza kukikosa.

Kwa wengi wetu kazi iko nje ya nchi zetu, kwenye ligi ambazo hazizungumzwi sana. Huko unahesabiwa kuwa mchezaji wa kigeni, na nafasi za wageni ni chache. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye kikapu jembe unakabidhiwa siku ile unayoshuka na begi. Timu ikifungwa michezo mitatu mfululizo, wa kwanza kutazamwa ni gadi mgeni. Jifunze maneno ya uwanjani ya lugha yao ndani ya wiki ya kwanza: skrini (kumzibia njia mkabaji wa mwenzako), kushoto, kulia, badilisha, rudi. Hata ukiyatamka vibaya. Nilipokuwa naita mpango wa shambulizi kwa lugha ya wenyeji, wenzangu walinifuata. Nilipokuwa nanyamaza walinichukulia kama mpita njia.

Kuhusu mkataba nitasema kwa uchungu kidogo. Msimu wangu wa tano klabu moja iliacha kunilipa miezi mitatu. Mkataba wangu haukuwa na kifungu cha kupeleka mgogoro kwenye Mahakama ya Usuluhishi ya Kikapu, BAT, iliyoanzishwa na FIBA mwaka 2007. Bila kifungu hicho sikuwa na pa kuanzia zaidi ya kwenda kwenye mahakama za nchi ambayo lugha yake sikuijua, na pesa ile sikuipata. Tangu hapo sikusaini karatasi yoyote isiyo na kifungu hicho. Usisaini! Hata kama wakala anakuambia klabu ni ya kuaminika, hata kama ndege ni kesho asubuhi. Uliza pia nani anamlipa wakala, lini, na kama ana leseni ya FIBA. Wakala mwema hakasiriki ukimuuliza.

Halafu miguu. Nilichanika msuli wa nyuma ya paja nikiwa na miaka 28, na niliporudi ile hatua ya kwanza, niliyokuwa namwachia nayo mkabaji, haikurudi nami. Kwa miezi kadhaa niliendelea kucheza kana kwamba bado ninayo. Nikawa nakimbilia katikati ya watu watatu, mpira unaporwa, nakaa benchi nikiwa na hasira. Laiti ningeanza kujifunza kutupa mpira wa kupokea tangu nikiwa na miaka 25! Gadi aliyezoea kudunda kabla ya kutupa hupata taabu kubwa kusimama kona, kungoja, kupokea na kutupa papo hapo. Miguu inataka kwenda. Nilianza na mitupo 300 kila siku bila kudunda hata mara moja, na ilipita nusu msimu kabla kocha hajaniamini kuniacha kona.

Jason Kidd, gadi wa NBA, ndiye niliyekuwa namtazama wakati ule. Alipoanza hakuogopwa kwa kutupa kutoka mbali. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa wa tatu katika historia ya NBA kwa mitupo ya pointi tatu iliyoingia, na ubingwa wake aliupata mwaka 2011 akiwa na miaka 38, wakati kasi ya ujana wake ilikuwa imekwisha. Alikuwa amejifunza kazi nyingine mapema.

Misimu yangu miwili ya mwisho nilicheza dakika chache, mara nyingi mwisho wa robo ya kwanza na mwanzo wa ya pili. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa kijana wa miaka 21. Nilikaa karibu naye benchi na kila alipotoka nilimwambia mambo mawili tu: nani upande ule ana faulo tatu, na mkabaji yupi anachelewa kurudi. Sikuwa nafanya hisani. Ile ilikuwa kazi yangu, na kwa kazi ile klabu iliniongezea mwaka.

Kama una mazoezi kesho, mwombe mwenzako afunike saa ya mtupo kwa taulo na kuihesabu kimya kimya. Cheza shambulizi, kisha mwambie zilikuwa zimebaki sekunde ngapi. Ukikosea kwa zaidi ya mbili, mpe mwenzio mpira, ngoja zamu yako, mrudie tena.