Kwenda Ukerewe na tanga: usitoke hiyo saa tisa usiku

Mkuu futa hiyo plani ya kuvuka Ziwa Victoria kutoka Kirumba, Mwanza, saa tisa usiku. Futa kabisa. Umeandika programu ya hali ya hewa inaonyesha upepo wa noti 6 (kama kilomita 11 kwa saa) usiku kucha mpaka Nansio kisiwani Ukerewe, eti kilichobaki ni sisi tukutajie programu ya ramani, ya maji kujaa na kupwa, ya kuona meli, na simu gani ununue. Hiyo noti 6 ndiyo iliyonimalizia tanga, mashine ya boti ya kuazima na heshima yote niliyokuwa nayo kwa shemeji.

Nilikuwa na programu ya kulipia, jina silitaji, ziwa zima limejaa vimshale vya bluu, yaani upepo mdogo. Tukaiacha Igombe nyuma, nyota kibao, shemeji anarekodi video. Upande wa magharibi kunamulika mulika, akaniuliza, nikamjibu kitaalamu kabisa kwamba hiyo radi iko mbali huko Geita, simu inasema shwari. Haikuchukua muda upepo ukatufikia wa baridi kama mtu kafungua friji, na tanga lote liko juu maana mtu aliyeahidiwa noti 6 anapunguza tanga ya nini? Likachanika, chombo kikalala ubavu, mashine sikuwa nimeifunga kamba ya akiba ikazama, saa hizi sato wanaitumia. Waliotuokota ni wavuvi wa dagaa waliokuwa wanakimbilia mwaloni, wakauliza kwani radi hamkuiona, na mimi na akili zangu nikawaonyesha simu. Usije ukamwonyesha mvuvi wa dagaa simu, walicheka mpaka tunafika.

Sasa hasira zangu ziko kwa yule jamaa wa YouTube. Anasafiri huko Ulaya na jahazi lenye friji ndani, anafundisha "modeli mbili zikikubaliana, ng'oa nanga", modeli ndiyo hesabu za kompyuta zinazotoa utabiri. Zangu zilikubaliana vizuri tu! Zote mbili hazikuiona radi. Hizi programu karibu zote zinachota kulekule, GFS ya Wamarekani inayopima kwa vipande vya kama kilomita 13 au ECMWF ya Ulaya vya kama kilomita 9, wingu la radi la ziwani linaweza kuzaliwa na kukupiga ndani ya kipande kimoja, programu ikabaki na wastani wake wa noti 6. Na hapa kwetu usiku ndio saa zake. Nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hewa inateremka kutoka pande zote kwenda katikati ya ziwa, inagongana, inapanda, radi hiyo, na inaweza kuendelea mpaka asubuhi. Yaani mchana unasema ziwa chafu, kumbe ubaya wenyewe unapikwa umelala.

Kwa hiyo shika hii tu: wingu kwanza, mshale baadaye. Fungua picha ya satelaiti, hata Windy inayo, usiku chagua ya infraredi maana ya kawaida utaona giza tupu. Rudisha nyuma masaa mawili uone wingu linakua au linakufa. Ukiona kidoa cheupe kinatanuka upande wowote wa ziwa, au macho yako yakaona kumulika, HUTOKI, hata mishale iwe ya bluu namna gani. Angalia na saa ya picha, ikiwa imeandikwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza masaa matatu, na ukishafika katikati mtandao ukakata hiyo picha inaganda, inakuonyesha ziwa la tangu ulipoondoka. Utabiri wa ziwa wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, usome pia, hao rada wanayo hapahapa Mwanza. Halafu shuka mwaloni, ukikuta wavuvi wamevuta mitumbwi juu wanakunywa chai, na wewe agiza chai.

Ramani shusha OsmAnd ukiwa na bando, GPS inafanya kazi bila mtandao, ila usitegemee ikuonyeshe miamba iliyo chini ya maji, hiyo uliza wenyeji. Maji kujaa na kupwa ni mambo ya Tanga na Dar mkuu, hapa ziwani utamaliza bando bure.

Kabla hujalala leo weka hapa picha ya satelaiti ya saa hiyo tuiangalie wote. Na huyo unayeenda naye anajua kuogelea?